Siku Mto Uliponyamaza

Juzi mkulima wa kijiji cha Nangwa aliniletea gunia la viazi vyenye tope bichi. "Kaka, na tope unaniuzia?" nikamtania, kisha harufu yake ikanirudisha shuleni kwetu, chini ya mlima.

Kwenye mahafali yetu ya kidato cha nne, mchekeshaji wa darasa alikuwa akimwigiza mkuu wa shule, suruali imepanda hadi kifuani. Mama mpishi akaacha kukoroga pilau.

"Wanangu, mvua yote hii mlimani, mbona mto umenyamaza?"

"Mto unanisikiliza mimi, mama!" mchekeshaji akajibu.

"Umezibwa na tope huko juu. Kimbieni kilimani!"

Tulikimbia. Mchekeshaji akarudi, kwa mwendo uleule wa mkuu, kuchukua kofia aliyoiazima. Mlima ukanguruma, tope likashuka nyuma yetu.

Kule kilimani mwalimu alituhesabu, akarudia. Sisi bado tulikuwa tunacheka, tukidhani mchekeshaji amejificha.