Silabi Mbili na Pua ya Mwanangu

Juzi kwenye dirisha la dawa hapa Kahama, mwanangu anahema kwa shida, nikapewa kichupa chenye Kifaransa kitupu.

"Msaada umekuja hivyo, mama," akasema mgawa dawa. "Nadhani ni ya kunywa."

"Nadhani," wasomaji, kwa mtoto wa miezi minne. Nikasoma kwa woga kila herufi: go-u-te-te-si, na-sa-le-si. Nyuma yangu mama mkimbizi wa Burundi, aliyewahi kuwapikia Wabelgiji ila hajui kusoma, akasema, "Rudia, mwanangu, polepole."

Nikakumbuka somo la Kifaransa la sekondari: mwisho wa neno humezwa. Nikarudia: Gut. Na-zal.

Yule mama akagusa pua ya mtoto. "Matone ya hapa."

Mgawa dawa akainama, akaandika "pua" kwenye kichupa.

Shule ilinipa macho. Masikio nimeyapata kwenye foleni, na mtoto anapumua.