Mfupa wa Maksai wa Baba

Kwa miaka mingi nilipiga mswaki huku nikitema damu, nikidhani ndiyo usafi wenyewe. Meno mawili ya mbele yalipoanza kucheza, nikajizoeza kucheka nimefunga mdomo. Ofisini Bariadi wakaniona nimekuwa mtu wa heshima.

Daktari wa meno niliyemwona Mwanza hakuijali heshima hiyo. Alisema ugonjwa wa fizi umekula mfupa unaoshika meno, na nisipopandikizwa mwingine, yale mawili yatang'oka. Angezisafisha fizi, azifungue, kisha ajaze unga wa mfupa wa ng'ombe ulioandaliwa kiwandani, ili mfupa wangu uote hapo.

Kosa langu ni kumsimulia baba kwa simu. Baba ni mfugaji, anaishi Lingeka, na kwake ng'ombe hatajwi juujuu.

"Ng'ombe wa nani?" akauliza.

"Sijui, baba. Wa Ulaya, nadhani."

"Utamwekaje mdomoni ng'ombe ambaye hata rangi yake huijui?"

Nikacheka, mdomo umefungwa, tukaagana.

Siku ya tatu alinigongea mlango, mkononi ana mfuko wa salfeti. Ndani mlikuwa na mfupa wa paja, umechemshwa na kusuguliwa kwa majivu mpaka ukawa mweupe kuliko meno yangu. Ulikuwa wa maksai wake mzee mwekundu, aliyevuta plau kwenye shamba la pamba iliyonisomesha. Wanunuzi walimtaka miaka yote, baba akakataa. Sasa alikuwa amemchinja.

"Chukua huu," akasema. "Huyu tunamjua."

Niliona aibu, nikaupokea kwa mikono miwili. Kumwambia ukweli nikashindwa.

Basi nikapanda basi la Mwanza, msomi mzima na mfupa wangu kwenye salfeti. Daktari aliutazama kwa adabu, kisha akanionyesha kichupa chenye unga kidogo kama chumvi. Mfupa wa baba haukufaa. Nikapandikizwa wa ng'ombe mgeni.

Baba alipopiga simu, nikamwambia maksai ameingia vizuri.

Meno yameshika. Ule mfupa uko kabatini kwangu, nimeufunga kwenye shuka, nao unanitesa kuliko fizi zilivyonitesa. Juzi nilikwenda Lingeka, tukaletewa nyama, nikaishambulia kwa pupa. Baba akanishika mkono, macho yake kwenye meno yangu.

"Taratibu, mwanangu. Huyo alishafanya kazi ya kutosha."

Nikatafuna taratibu.