Mkunga Asiyeketi Njiani

Kila mara ni mimi tu wa kuulizwa habari za yule mkunga wa Subukia, kana kwamba wengine hawana midomo. Haya. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na alivuka mlima, msitu na ukingo wa bwawa la mzungu bila kuketi hata mara moja. Mkunga akiketi njiani, alisema, uchungu wa mzazi nao huketi. Hata chai ya watu aliinywa amesimama. Mwaka ule wa hali ya hatari, mtu akidaiwa pasi ya kutembea kila aendako, Wamuyu akiwa na siku mbili za uchungu kwenye shamba la ng'ambo ya bwawa, askari alimzuia mkunga pale bwawani. “Mama, keti chini nione pasi!” “Pasi hii hapa. Kuketi, hapana.” “Hata mbuzi huketi! Nitakupiga risasi!” “Piga, mwanangu. Nitalala, lakini sitaketi.” Miguu yake iliendelea kukanyaga papo hapo, mkono umenyoosha pasi. Askari aliisoma, akaisoma tena, akampisha. Mtoto alilia jua likiwa utosini. Na nyinyi mnaopenda kuuliza, nendeni leo mkaulize ni nani aliyewapokea nyinyi mlipozaliwa, kisha mje mniambie.