Wifi Alijuaje ni Mrija wa Kushoto?

Admin, nisitiri jina, Malaba ni ndogo na watu wana macho. Nina miaka thelathini na nane, mama wa watoto wanne, nauza mitumba karibu na mpaka. Mume wangu ni mtu wa kanisa, mpole, na sikuwahi kumshuku hadi mwezi huu.

Nilitolewa kizazi kwenye kliniki moja ya kibinafsi kwa sababu ya uvimbe. Wifi yangu, dada ya mume wangu, ni nesi pale na alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Nikafurahi, niko mikononi mwa mtu wetu. Siku ya kumi mkojo ukaanza kunitoka wenyewe. Cha ajabu, chooni naenda kama kawaida, lakini nikiinuka tu nimelowa tena. Wifi akawa anakuja kila siku kunifulia. "Hiyo ni maji ya operesheni, dada, itakauka. Usiende kwa daktari mwingine, atakuchanganya." Nikamwamini! Nikavaa nepi ndani ya sketi, nikajipulizia marashi, na bado wateja walisimama mbali. Hata nikamshuku mama wa kibanda cha pili kwamba amenifanyia kitu. Mungu anisamehe.

Ubavu ulipoanza kuniuma nikadanganya naenda Butula kumwona shangazi, kumbe naenda hospitali. Daktari akanijaza kibofu maji ya dawa ya buluu, akaniwekea pamba ukeni. Pamba ikatoka imelowa chapachapa, buluu hakuna. Akasema, "Mama, kibofu ni kizima. Kinachovuja ni ule mrija unaoleta mkojo kutoka kwa figo." Picha ikaonyesha mrija wa kushoto uliumizwa kwenye upasuaji, na figo imeanza kuvimba. Atajaribu kupitisha mpira mwembamba ndani yake. Mpira ukikataa kupita, atanifungua aunganishe mrija na kibofu upya. Nikichelewa, figo inaweza kufa.

Nyumbani nilimwambia mume wangu neno moja tu, kwamba mrija umeumia. Akatoka nje na simu. Kesho yake asubuhi wifi huyo mlangoni, hata salamu hakuna. "Huo wa kushoto si kitu kubwa. Rudi kwetu, daktari wetu atarekebisha, na hakuna haja watu wajue."

Jamani, sikuwa nimemwambia mtu yeyote ni upande gani! Nikamuuliza, "Umejuaje ni wa kushoto?" Akainama akaanza kukunja nguo zangu. Sasa naamini walijua tangu siku ile nikiwa nimelala mezani, wakaniacha nivuje.

Mume wangu anasema nikienda kwingine nitamwaga unga wa dada yake, afutwe kazi. Nilimwambia figo yangu inakufa. Akauliza, "Umeambia nani mwingine?"

Daktari wa pili ananingoja Alhamisi. Niondoke bila kuaga, ama nirudi kwa mikono ileile ili nyumba isivunjike? Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?