Maji ya Kumwosha Dhiab

Nuzha, jirani yangu, ana ulimi wa pilipili, na mimi simlaumu. Ungekuwa wewe, miaka yako yote unaosha vyombo kwa maji ya kubania, kisha maji hayohayo unayatunza ya kumwaga chooni, ungekuwa na maneno ya asali? Kisima chake cha mvua, alichokichonga mwambani baba mkwe wake, wanajeshi walikibomoa eti hakina kibali. Kibali cha mvua! Tangu hapo ananunua maji ya boza, na dereva anamwogopa kweli, maana mama huyu hupanda mwenyewe juu ya boza kuchungulia kama limejaa.

Na bomba lipo. Linapita chini ya mizeituni yake, likipanda kwa walowezi wanaolindwa na wanajeshi hao kule kilimani. Mumewe, Dhiab, alikuwa kibarua wa kuchimba mtaro wa bomba hilo. "Njaa haichagui kazi," alikuwa akijitetea, na Nuzha akimjibu, "Wao umewachimbia maji. Sisi je?"

Dhiab alifariki asubuhi moja ya kiangazi, wakati wanajeshi wamefunga geti la barabara wiki nzima. Boza halikupita. Tangi la juu ya paa la Nuzha lilikuwa kavu, na sisi majirani tulikuwa tunakwangua chini ya mapipa.

Sheikh Yaqub alikuja kusimamia maziko. Akaitazama ndoo tupu, akakohoa, akamwita Nuzha kwa jina la mwanawe.

"Mama Sabri, Mungu ni mwenye huruma. Maji yakikosekana, maiti hutayamamishwa. Udongo safi unatosha."

"Yakikosekana?" Nuzha akamshika mkono wa kanzu, akamvuta hadi mlangoni. Kule juu mipira ya kumwagilia ilikuwa inazunguka, inarusha maji kwenye nyasi za kukanyaga tu. "Yale ni nini, sheikh wangu? Maziwa?"

"Dada yangu, yale hatuyafikii."

"Basi sema yamezuiwa! Usiniambie yamekosekana. Dhiab amekula vumbi maisha yake yote. Simwoshi kwa vumbi."

Nilitaka kumwambia aache ubishi, jua linapanda na maiti haicheleweshwi, lakini hasira ilinishika, na haikuwa hasira ya kumkasirikia yeye. Nikaenda nyumbani nikachukua dumu la maji yetu ya kunywa. Mke wangu aliniona, akanifungulia mlango. Jirani mwingine akaleta birika, mwingine sufuria, mwingine chupa ya mtoto. Ndoo haikufika hata nusu.

Sheikh akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amebeba dumu la msikitini.

"Hayo si ya udhu?" nikamuuliza.

"Ni ya udhu." Akayamimina yote ndani ya ndoo. "Mwoshe mumeo, Mama Sabri. Mwoshe vizuri."

Nuzha akamwosha. Hakulia. Kila alipomimina, aliwalaani watu wa kilimani kwa sauti, na sheikh hakumkataza.

Tulipomtoa Dhiab tumswalie, hakuna aliyebakiwa na tone la kutawadha. Sheikh akainama, akapiga viganja udongoni, akajipaka uso. Nasi tukafuata. Sheria inataka kuugusa udongo taratibu tu. Sisi tuliupiga mpaka viganja vikauma.