Mwezi Uliokuwa Ndani ya Kipingili

Mwaka mmoja, katika ile miaka ya mwanzo ya uhuru, niliuona mwezi wa Idi siku ambayo haukuwepo, na nusura ng'ombe wa jirani yangu achinjwe kwa ajili yake. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, nikajua kila kitu kidogo kidogo, na hakuna elimu ya hatari kama hiyo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mtaa wetu wote hapo Msambweni ulilijua hilo. Wenzangu walivuka kivuko cha Likoni kwenda kutafuta kazi Mombasa, wengine wakaingia katika hoteli zilizokuwa zimeanza kuota Diani. Mimi nilipata ukarani karibu na kwetu, na bado nililalamika kuwa ni mbali. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni, "Mkimtaka mume wangu, tazameni kile kiti. Asipokuwa juu yake, basi yuko njiani anakirudia."

Kwa hivyo binamu yangu wa hotelini aliponiletea kamera aliyoachiwa na mgeni, pamoja na lenzi ndefu kama mchi, niliona kwamba huko viwandani kuna mtu aliyenifikiria mimi. Kitu cha mbali hukiendei. Unakiita, kinakuja.

Ndani ya mkoba wa kamera mlikuwa na kitu cha tatu, duara fupi jeusi lenye vioo ndani, skurubu upande huu na skurubu upande wa pili. Binamu alisema mgeni alikiita telekonvata. Unakikaza kati ya kamera na lenzi, na lenzi inavuta mara mbili ya ilivyokuwa ikivuta. Mke wangu alikitazama kinavyoingia pale katikati, akasema, "Kumbe ni kipingili," kama pingili ya muwa. Tangu siku hiyo lile jina la kigeni halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Picha yangu ya kwanza kwa kipingili ilikuwa ya mwewe aliyetua kwenye kilele cha mnazi, ng'ambo ya barabara. Filamu ilipelekwa Mombasa kuoshwa. Iliporudi, mke wangu aliishika picha ile kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Huyu ni mwewe au ni kipande cha mkaa?"

"Ni mwewe."

"Na mnazi uko wapi?"

"Ndio huo huo mkaa."

Alicheka mpaka akakaa. Mimi nilikuwa na swali. Jua lilikuwa kali siku ile, mwewe alikuwa wazi, na kamera niliiweka kama siku zote. Mwanga ulikuwa umekwenda wapi? Nilikifungua kipingili, nikachungulia. Vioo vilikuwa safi kama maji ya kisima. Nilitembea na swali hilo kwa muda, yaani nilikaa nalo, maana mimi sitembei.

Jibu lilikuja jikoni. Mke wangu alikuwa akisukuma chapati, nami nimekaa mlangoni namsumbua. Alichukua donge dogo, akalisukuma huku na huku, likapanuka hata likajaa kibao. Lilikuwa donge lile lile, hakuongeza kitu, lakini sasa lilikuwa jembamba kiasi kwamba niliuona mchoro wa ubao chini yake. Niliruka.

"Mwanga!" nikasema.

"Unga," akanisahihisha.

Nilimweleza, naye akavumilia. Lenzi inaleta picha yake, kipingili kinachukua kipande cha katikati tu na kukisukuma mpaka kijae mahali pote. Mwanga ni ule ule kidogo wa kile kipande, sasa umetandazwa mahali papana, basi lazima uwe mwembamba. Ukitaka picha iive, inabidi kamera ikae na jicho wazi mara nne ya muda wa kawaida. Na katika muda huo mkono unatikisika, na mtikisiko nao unazidishwa. Kipingili hakichagui cha kuzidisha.

"Kama mtoto aliyetumwa sukari," alisema mke wangu, "akaleta na sisimizi."

Dawa ya mtikisiko niliipata nyumbani vilevile. Nilikigeuza kinu cha mke wangu kichwa chini, nikaweka juu yake mfuko wa mchanga, nikalaza lenzi kwenye mchanga. Mwewe wa pili alitoka na jicho, na mdomo, na manyoya ya shingo yakipeperushwa na upepo. Nilibisha hodi kila mlango nikiionyesha picha ile. Watu waliniangalia viatu zaidi kuliko picha, kwa vile wengi wao hawakuwahi kuniona nimevivaa. Hapo ndipo nilipoharibika. Nilianza kuamini kuwa ninaona mbali kuliko wengine.

Ramadhani ikaingia. Jirani yangu wa upande wa magharibi, ambaye ua wake umepakana na ua wetu, alikuwa mwenye bucha. Mwaka uliotangulia alikuwa amesubiri redio ya dukani itangaze mwezi, na betri zikafa kabla ya habari. Mpaka anapata hakika, mwenye bucha wa kijiji jirani cha Munje alikuwa amekwisha kuchinja na kuuza, na yeye akabaki siku ya Idi na fahali aliyekuwa akitafuna majani kwa raha zake. Alitaniwa hadi Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja. Mwaka huu aliapa kuwa wa kwanza. Alikwenda mwenyewe mnadani Kinango, akarudi na fahali mwenye nundu kama mto wa kulalia, akamfunga uani.

Shida yake ilikuwa moja. Friji hakuwa nayo, wala mtaani kwetu hapakuwa na mtu aliyekuwa nayo. Akichinja usiku wa kuamkia Idi, kabla ya saa nne asubuhi hazibaki hata kwato. Akichinja usiku usiokuwa wa Idi, watu watanunua kipande cha futari, na fahali aliyebaki ataliwa na inzi. Kwa hivyo jioni ya siku ya ishirini na tisa, kabla hata sijakaa kwenye kiti changu, alikuwa ameshasimama kwenye ua.

"Bwana jirani, hilo bomba lako linaona mwezi?"

"Linaona jicho la mwewe."

"Sikukuuliza mwewe."

"Mwewe ni mdogo kuliko mwezi," nilisema. Hilo lilikuwa kweli, na halikuwa jibu.

"Basi nakutegemea wewe. Nichinje, nisichinje, nitasikia kwako." Akaenda kunoa.

Kwetu sisi bahari iko mashariki, na mwezi mwandamo huonekana magharibi, kwa hivyo mtu hapati lile anga tupu la juu ya maji. Lazima aupenyeze mwezi kati ya mikorosho na paa za watu. Nilikiweka kinu nyuma ya nyumba, nikalaza lenzi, nikakaza kipingili. Adhana ikatoka. Nilifungua kwa tende na maji, nikaswali nyumbani kwa kasi ambayo namwomba Mungu anisamehe, nikarudi kwenye kinu na kufumba jicho moja.

Ndani ya kamera mlikuwa na giza la rangi ya chai, kwa sababu kipingili kilikuwa kinakula mwanga kama kawaida yake. Nilisogeza taratibu juu ya mikorosho. Mara nikauona. Ukucha mweupe, mwembamba, umepinda sawasawa, umelala chali kama unavyolala mwezi wa pwani. Moyo ulinipiga. Niliinua kichwa nikatazama kwa macho matupu: hakuna kitu. Nikarudi kwenye kioo: upo. Basi nikasema moyoni, hiyo ndiyo faida ya mtu mwenye vifaa.

"Umeandama!" nikapiga kelele.

Mke wangu alikuja akifuta mikono, akainama, akatazama. "Loo. Kweli, mbona naona kitu."

Jirani hakuzunguka mlangoni, aliruka ua. Aliinama kwenye kinu na harufu yake ya jiwe la kunolea, akabana jicho.

"Unauona?" nikamuuliza.

"Subhanallah. Mwembamba kama uzi." Akanyanyuka, macho yanameta. "Nichinje?"

Sikumwambia asubiri. "Chinja, bwana!" nilisema, kana kwamba fahali ni wangu.

Akaruka ua kurudi kwake. Nilimsikia akimwita mkewe alete kamba. Wakati huohuo maalim wa msikiti wetu, mzee mpole asiyependa haraka, alikuwa anapita akitoka kuswali. Kelele yangu ilikuwa imemfikia. Nikamwamkia.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Nasikia una mwezi."

"Ninao, maalim."

"Sisi tulikuwa barazani msikitini, watu tele, na vijana wenye macho, hakuna aliyeuona. Wewe umeuona kwa jicho au kwa kioo?"

"Kwa jicho, maalim, lakini limepitia kwenye kioo."

Alilifikiria hilo. Sikumwona kukasirika. Nadhani lilimvutia, kwa sababu alivua miwani yake, akaitazama, akaivaa tena. "Haya, nami nipitishe langu," akasema, akainama.

Alitazama kwa muda mrefu. "Naona jani," alisema. "Naona jani jingine. Mwezi sioni."

Nikachungulia haraka. Kamera haikuwa imesogea, mfuko wa mchanga uko vilevile, mkorosho ni ule ule. Mwezi umekwenda.

"Umeshatua," nikasema.

"Mara hii?"

Nikaendelea kuchungulia. Na hapo ndipo mwezi uliporudi. Uliingia kwa kushoto, ukapanda kidogo, ukashuka, ukapanda tena, ukawa unakwenda kama mtu anayechechemea. Ulipita mbele ya tawi. Sikosei: mbele, si nyuma. Majani yalikuwa nyuma ya mwezi.

Niliinua kichwa. Katika ua wa jirani, kandokando tu ya pale lenzi ilipokuwa inaelekea, karabai, taa yake ya kupigwa pampu, ilikuwa inatembea. Jirani alikuwa ameiwasha mapema na kuitundika kwenye nguzo ya banda ili ajiandae. Kisha aliitoa nguzoni akaipeleka kwa fahali, na sasa alikuwa anazunguka nayo kutafuta kitu chini. Alipoinua taa, mwezi ulipanda. Alipoishusha, ulishuka. Alipojigeuza, mwili wake ukaiziba, mwezi ukatua.

"Maalim," nikasema, "mwezi huu haukuandama. Mwezi huu unamwandama mwenye bucha."

Mwanga wa karabai ulikuwa unaingia kwenye lenzi kwa ubavuni, ukidunda kutoka kioo hadi kioo, na kipingili, ambacho hakichagui cha kuzidisha, kikaukuza na huo. Lakini kwa nini ukucha? Taa ni duara, kwa nini usitoke duara? Nilikuwa nimekwisha kuanza kulifikiria swali hilo, na kwa kweli lilikuwa zuri, niliposikia kutoka ng'ambo kishindo cha mnyama mkubwa anayeangushwa chini.

Nilikimbia. Mke wangu alisimulia baadaye kwamba alidhani nyumba inaungua, kwani hakujua sababu nyingine ya kunitoa mbio. Ua niliuruka vibaya, kipande cha kanzu kikabaki kwenye mti wa ua. Nilimkuta fahali amelazwa, miguu imefungwa, shingo imeelekezwa kibla, mke wa jirani ameshika pembe, na jirani amepiga goti na kisu.

"Usichinje!"

"Nimeshatia nia, bwana."

"Mwezi haupo!"

"Nimeuona mimi kwa jicho langu."

"Uliyoiona ni karabai yako."

Mkono wake na kisu ulibaki pale pale. Alitazama juu, kwenye karabai iliyokuwa imetundikwa sasa juu ya kichwa chake, inavuma. Kisha alinitazama mimi, na kanzu yangu, na viatu ambavyo sikuvivaa. Fahali alihema kwa nguvu, mavumbi yakaruka. Maalim alikuwa amefika, akizungukia mlangoni kama watu. Alisema polepole, "Mfungue mnyama. Mwezi haukuonekana, tunakamilisha thelathini."

Jirani aliweka kisu juu ya jiwe. Alifungua kamba moja moja, na mkewe akauma midomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Fahali akasimama, akajikung'uta, akatafuta majani yake. Nikaona kwamba haja ya watu imekwisha, na karabai bado inawaka, na mimi bado sijajua.

"Samahani, bwana jirani," nikamwambia. "Kabla hujaizima. Hebu irudishe pale nguzoni kidogo tu, mimi nikachungulie. Nataka nijue kwa nini ilitoka kama hilali na si kama taa."

Aliishusha karabai, akaifungua upepo, ikafifia mikononi mwake. Akasema:

"Kesho nitachinja kwa neno la mtu yeyote, hata awe chongo, mradi asiwe wewe."