Mashine Isiyo na Adabu

Kwa miezi mingi baba mkwe wangu hakukosa shabaha hata mara moja, kwa sababu nyumba nzima tulikuwa waongo.

Alipiga akiwa ameketi kwenye stuli ndani ya stoo ya mpunga, bunduki yake ya upepo imelazwa juu ya gunia mbele yake. Ukutani, hatua kumi kutoka alipo, palikuwa na karatasi nyeupe yenye duara jeusi. Jicho lake la kushoto lilizimika zamani. La kulia lilifanyiwa upasuaji likapona nusu. Duara aliliona, ingawa kwa ukungu, lakini tundu la risasi ndogo kama ile asingeliona hata ungemsogeza karibu. Kwa hiyo kila alipopiga aliuliza neno moja tu.

"Wapi?"

Na mama mkwe, aliyekaa nyuma yake akichambua maharage, alijibu bila kuinua kichwa. "Katikati, mzee."

Bunduki ile aliinunua enzi akilima mpunga Mubuku, awafukuze nyani na ndege, na karatasi zake za ruhusa amezihifadhi kuliko vyeti vya ndoa. Macho yalipomsaliti, shamba likachukuliwa na mume wangu, ambaye hushinda huko wiki nzima na kurudi Jumamosi. Mzee akabaki nyumbani Bwera na sisi wanawake wawili na bunduki. Nje hapigi. Siku hizi huku kwetu mpakani na Kongo mlio wowote wa bunduki, hata wa upepo, hauwakalii watu vizuri masikioni. Ndiyo maana akahamia stoo, mlango umefungwa, na sheria zake kama za kambini: akipiga, kila mtu akae nyuma yake; akifungua mtutu, bunduki ikawa haiwezi kupiga, ndipo mtu anaruhusiwa kupita mbele.

Mambo ya nyumbani tunayasema kwa Kikonzo cha hapa, ambacho na Kinande cha kwetu Butembo ni ndugu wa tumbo moja. Bunduki peke yake ndiyo aliyoizungumzia kwa Kiswahili, kile cha jeshini alikotumikia ujana wake, na sisi tukamjibu kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Mimi changu ni cha Kongo. Nilikuja nacho pamoja na mkoba wa vifaa, nikafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio kando ya barabara. Nina hasira za karibu, wateja wangu wanajua. Ukiniletea simu iliyolowa ukaniambia haijaguswa na maji, nitakufungulia nikuonyeshe maji yenyewe. Lakini baba wa mume wangu nilimdanganya kila siku saa kumi, kwa heshima zote. Mkwe hamwambii baba mkwe kwamba chumvi imezidi, sembuse kwamba risasi yake imetoboa gunia la mpunga.

Siku moja alipiga, akauliza "Wapi?", akajibiwa katikati. Akapiga tena. Katikati. Hakupiga ya tatu. Aliifuta bunduki, akaiweka kabatini, na kwa wiki mbili hakuigusa. Alikaa barazani akisikiliza malori ya mpakani. Chakula alikula nusu. Mama mkwe akasema ni malaria, nikajua si malaria.

Nilipompelekea chai akaniambia, "Fundi, kaa chini. Wewe natengeneza redio. Redio inaheshimu mutu?"

"Hapana, papa. Redio haina heshima."

"Mzuri. Mimi nataka kitu moja tu. Kitu haiheshimu mimi."

Nililala na maneno hayo. Asubuhi nikaanza kazi.

Nilichohitaji ni vile visahani vya shaba vinavyolia ndani ya saa za mezani. Watu wanadhani vimeumbwa kulia tu. Ukikigonga, kisahani chenyewe hutoa umeme kidogo sana, kama mtu aliyeshtuka. Ninavyo kopo zima, maana saa za mezani zinakufa kila siku na mimi situpi kitu. Nikakata debe la mafuta ya kupikia: bati moja la duara, dogo kama kisosi, kisha pete ya kulizunguka, kisha pete nyingine kubwa. Nilijikata kidole gumba. Nilimtukana aliyevumbua madebe. Katikati ya bati na bati nikapachika vipande vya kandambili ili kishindo cha moja kisivuke kwenda kwa jingine, na nyuma ya kila bati nikalehemu kisahani chake na waya wa kwenda kwenye kisanduku kinachotoa mlio. Mabati hayo yote nikayapachika kwenye ubao mpana wenye kisahani chake, nikayainamisha mbele kidogo, ili risasi zianguke kwenye karai la mchanga, halafu nikafunika kwa karatasi ileile ya duara jeusi.

Ukipiga kisosi, mashine inalia mara tatu. Pete ya kwanza, mara mbili. Pete ya nje, mara moja. Ukikosa ukapiga ubao wa pembeni, inatoa sauti niliyoing'oa kwenye gari bovu la kuchezea: mlio mzito, mbaya, wa chura aliyekanyagwa.

"Hiyo inamtukana mzee," mama mkwe alisema alipoisikia.

"Ndiyo kazi yake, mama."

"Si ungeweka hata kengele?"

Siku ya kuijaribu mzee alivaa shati safi. Alikaa kwenye stuli, akashusha pumzi, na kabla hajagusa kitu mashine ikalia mara tatu. Kisha mbili. Kisha tatu, tatu, tatu.

"Nani napiga?" akauliza kwa ukali.

Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati. Kishindo kilishuka ukutani mpaka kwenye visahani vyangu, na mashine, isiyojua tofauti, ikaipa mvua alama zote.

"Iko mvua, papa. Si mutu."

Akasikiliza kidogo. "Mvua inajua kazi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kutania tangu afungie bunduki kabatini, nikasamehe mvua na mabati yote ya Bwera.

Kuirekebisha kulinichukua siku kadhaa. Malori nayo yalikuwa yanapata alama, na mlango ukibamizwa ulipata mbili. Nikaing'oa mashine ukutani, nikaining'iniza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa kila bati nikaongeza kiskrubu kidogo: ukikizungusha huku, bati linasikia zaidi, huku, linasikia kidogo. Manyunyu yakanyamaza, malori yakanyamaza. Mvua kubwa ilinishinda, na hadi leo inanishinda. Ikija nazima swichi.

Basi mzee akaanza kupiga kweli, na kweli ilikuwa chura.

Chura, chura, moja, chura. Siku ya kwanza alitikisa kichwa tu. Ya pili pia chura. Alipiga kwa subira, akibadilisha mkao, akiinamisha kichwa atafute pale jicho linapoona vizuri, na ile sauti mbaya ikamjibu tena na tena. Siku ya tano alirudisha bunduki kabatini mapema na kwenda kulala jioni hata jua halijazama. Mama mkwe akanifuata jikoni akanishika mkono.

"Mwanangu, miezi yote hii namlinda. Wewe umeleta chura ndani ya nyumba. Si uiongezee adabu kidogo?"

Ningemwambia hapana. Lakini nilimpenda mzee yule, na kumwona akipapasa njia ya chumbani mapema namna ile kuliniuma. Nikaenda stoo, nikakizungusha kiskrubu cha kisosi robo duara. Sasa kisosi kilisikia hata risasi iliyogonga pete ya jirani, na kikajitwalia. Pete ya nje nayo nikaipa masikio ya kusikia risasi za ubaoni.

Kesho yake ilikuwa raha. Mbili zikawa tatu, chura wengi wakawa moja. Mama mkwe akaimba pambio moja zima huku akichambua maharage. Mzee alipiga kumi. Kisha akafungua mtutu, akaulaza juu ya gunia.

"Fundi. Kuja hapa."

Alisimama akashika ukuta, akahesabu hatua kwa sauti ya chini mpaka kwenye karatasi. Mkononi alikuwa na ufito wa kusafishia bunduki. Akapapasa kwa vidole juu ya karatasi, akauona kwa vidole mfereji wa kandambili, akagonga ndani yake. Tatu. Akavuka mfereji, akagonga pete. Tatu. Akagonga tena, polepole, mahali palepale. Tatu.

"Hapa iko wapi?"

"Pete ya kwanza, papa."

"Pete nalia tatu?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Umefundisha yeye adabu," akasema.

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Alirudi kwenye stuli, akakaa, akatuambia jambo ambalo mama mkwe mwenyewe, katika ndoa yote ile, hakuwahi kulisikia. "Wakati mimi iko kuruta, nakaa ndani ya shimo, chini ya shabaha. Mutu akipiga, mimi nainua kijiti, naonyesha iko wapi. Akikosa, napeperusha bendera nyekundu. Siku moja ofisa mukubwa nakosa. Kambi yote naangalia. Wenzangu ndani ya shimo nasema, inua kijiti, onyesha katikati. Mimi napeperusha nyekundu."

"Wakakufanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Lokapu. Siku tatu." Akageuza uso upande nilipo. "Ofisa mimi hapana danganya. Sasa nyinyi nadanganya mimi, ndani ya nyumba yangu?"

"Ni mimi niliyemwambia," mama mkwe akasema.

"Najua ni wewe. Hakuna mutu duniani napiga katikati kila siku."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sikungoja kuambiwa zaidi. Nilichukua bisibisi nikarudisha viskrubu vyote mahali pake mbele yake, nikagonga kila bati ahakikishe. Tatu, mbili, moja, chura. Aliposikia chura akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea salamu.

Tangu hapo chura wetu ana kazi nyingi, na mzee analala kwa saa zake. Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba hakulala mapema siku ile kwa sababu ya kukosa. Alichoka tu, maana kujifunza upya kunachosha. Sasa anajifunza. Akipata mbili, anajua ni mbili, anakumbuka jinsi alivyoinamisha kichwa, anainamisha vilevile. Tatu huja mara chache. Ikija hubaki ameinamisha kichwa vilevile kabla ya kupiga nyingine. Mume wangu akija Jumamosi hupewa bunduki, na kwa macho yake mawili mazima huamsha chura watatu kwa mfululizo. Mzee hufurahi mpaka anakohoa.

Wiki iliyopita mvua kubwa ilitukuta stoo. Mashine ikaanza kuipa mvua alama, nikaizima. Kwa kelele za mabati mzee hakusikia swichi, wala sikuwahi kumwambia. Alikuwa ameshalenga. Akapiga.

Kimya. Mvua tu.

"Wapi?" akauliza.

Neno hilo hatukuwa tumelisikia kwa muda mrefu. Nikamtazama mama mkwe. Nilifungua mdomo, na naapa sijui kingetoka nini. Mama mkwe alinizuia kwa mkono. Alisubiri mzee afungue mtutu, kama sheria inavyotaka. Akaweka ungo wa maharage chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaenda mpaka kwenye karatasi. Akainama. Akaangalia vizuri, na hata ukuta wa pembeni akauangalia.

"Umekosa, mzee," akasema.

Mzee akageuza kichwa. "Nini?"

Ilibidi mama mkwe apaze sauti juu ya mvua. "Umekosa! Kushoto. Mbali, karibu na mlango!"

Sijui kama aliwahi kumwambia hivyo kwa jambo lolote katika maisha yao. Alisimama pale kando ya karatasi akishika kitenge chake, akingoja. Mzee naye alikaa na bunduki magotini, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabega yote, mpaka machozi yakamtoka hata lile jicho lililokufa.

"Asante, mama," akasema alipopata pumzi. Akapapasa kopo la risasi, akachagua moja, akaipachika. "Sasa toka mbele. Mimi napiga tena."